Kusoma Matini ya Jeni: Historia na Istilahi ya "Jeni Chochezi" za Saratani

Makala hii inadai kuwa utambuzi wa jeni za saratani kwa kompyuta ulianza kama kazi ya kulinganisha matini, na kwamba historia hiyo inatuhusu sisi tunaounda istilahi.

Mwaka 1983, Russell Doolittle, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha California huko San Diego, alichukua mfuatano wa protini ya kirusi kinacholeta saratani kwa kima, akaulinganisha na mifuatano aliyokuwa akiikusanya mwenyewe katika kompyuta. Ulifanana mno na ule wa protini ya chembe sahani za damu, ambayo huchochea seli kukua wakati jeraha linapopona. Kundi la Michael Waterfield mjini London lilifikia matokeo hayohayo karibu wakati uleule. Kirusi, basi, hakikubuni sumu mpya. Kilikuwa kimebeba jeni ya kawaida ya mnyama na kuitumia pasipostahili. Jambo hilo halikuonekana kwa darubini, bali kwa kusoma.

Miaka 30 baadaye matini zilikuwa maelfu, na wingi huo ukaleta upotofu wake. Wataalamu walihesabu: jeni inayokutwa na mabadiliko mara nyingi kuliko inavyotarajiwa ilishukiwa. Mwaka 2013, Michael Lawrence na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa, katika aina moja ya saratani ya mapafu, hesabu hiyo ilishuku jeni 450, zikiwamo jeni za kunusa (katika pafu!) na jeni ya titini, protini ndefu kuliko zote mwilini. Aliyewahi kuhariri miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu hatashangaa. Utenzi mrefu hukusanya makosa mengi ya mnakili, na ubeti usiosomwa haurekebishwi. Vivyo hivyo jeni ndefu hupata makosa mengi, na isiyotumika katika tishu fulani hurekebishwa kwa nadra. Kiwango cha kawaida cha makosa ya kila jeni kilipozingatiwa, zilibaki 11.

Kiingereza huyaita mabadiliko ya aina hizi mbili "dereva" na "abiria". "Abiria" nalikubali bila shida. Kila aliyepanda daladala anajua kuwa abiria hashiki usukani. Lakini "jeni endeshi" silikubali, kwa kuwa katika zahanati zetu "kuendesha" ni kuhara, na mgonjwa anayeombwa ridhaa ya kutoa sampuli atatoka na picha isiyo yake. "Jeni sababishi" nalo linadai mno: kwa kawaida saratani huhitaji mabadiliko kadhaa, si moja. Napendekeza "jeni chochezi", kwa maana ya kuchochea moto ambao kuni zake ni nyingi. Najua neno hili lina harufu ya mahakamani, kwani uchochezi ni kosa la jinai. Hata hivyo, kabla halijaingizwa katika fomu za ridhaa, lijaribiwe kwanza kwa wagonjwa wenyewe, si katika kamati za istilahi pekee.