Kikaangio cha Gesi: Hitilafu za Kuwaka na Utatuzi Wake

Kikaangio cha gesi, ambacho mitaani huitwa tu mashine ya chipsi, ni chombo cha kukaangia kwa mafuta mengi kwenye migahawa, hoteli na vibanda vya chakula. Lawama inayokirudia zaidi ni kugoma kuwaka: cheche haitoki, moto mdogo wa kuwashia (pailoti) unazimika mkono ukiachia kitufe, au bana kubwa, yaani kichomeo kikuu, inakataa kushika. Mara nyingi mashine inayogoma haijaharibika. Imehisi kasoro, ikafunga gesi kama ilivyoundwa kufanya. Kazi ya fundi ni kutambua imehisi nini.

Mkoani Mtwara suala hili lina sura ya pekee, kwa sababu huko gesi mbili zisizofanana hukutana katika jiko la aina moja.

Gesi mbili

Gesi asilia ya Mnazi Bay, kwenye rasi ya Msimbati karibu na mlango wa Mto Ruvuma, iligunduliwa na kampuni ya AGIP ya Italia mwaka 1982. Ilianza kuzalishwa mwishoni mwa 2006 ili kufua umeme Mtwara mjini. Oktoba 2015 likazinduliwa bomba la inchi 36 linaloipeleka Dar es Salaam baada ya kusafishwa Madimba. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limeunganisha baadhi ya nyumba na taasisi za Mtwara, Lindi na Dar es Salaam na gesi hiyo ya bomba. Asiyefikiwa na bomba hutumia gesi ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani unaoletwa nchini kwa meli. Kwa hiyo mkaanga samaki anaweza kufanya kazi jirani na visima vya gesi huku mashine yake ikilishwa na mtungi uliojazwa gesi ya ng'ambo.

Tofauti ya gesi hizi huonekana kwenye moto wenyewe. Gesi ya Mnazi Bay ni karibu methani tupu. Mita moja ya ujazo ya propani hubeba joto karibu mara mbili na nusu ya methani, hivyo nozeli ya gesi ya mtungi huwa na tundu dogo zaidi. Mashine ya gesi ya mtungi ikiunganishwa na bomba bila kubadilishiwa nozeli, moto huwa mfupi na dhaifu, na pailoti haifikii kihisi chake. Ikiwa kinyume, mashine ya bomba ikafungiwa mtungi, moto hurefuka, huwa wa manjano na kutoa masizi.

Mashine za mtumba kutoka Ulaya hubeba jibu kwenye kibati chao: G20 ni methani, G30 ni butani na G31 ni propani. Pembeni huandikwa shinikizo linalotakiwa, kwa kawaida milibari 20 kwa G20, na kati ya 28 na 37 kwa hizo nyingine. Kibati hicho husomwa kabla ya kufungua skrubu hata moja.

Kabla ya kugusa chochote

Gesi hufungwa kwenye mtungi au kwenye vali ya bomba, madirisha hufunguliwa, mafuta huachwa yapoe, na dakika tano hupita kabla ya kujaribu kuwasha tena. Propani na butani ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni na chini ya meza. Methani ni nyepesi, hupanda kuelekea darini. Pua hutafuta harufu kulingana na aina ya gesi. Harufu ikisikika, swichi ya umeme haiguswi, iwe ya kuwasha au kuzima. Maungio hupimwa kwa povu la sabuni. Panapovuja, mapovu huvimba. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti kumeunguza watu na majengo.

Mpangilio wa kuwaka

Katika mashine nyingi za kawaida, kitufe kikibonyezwa, kiwashio hutoa cheche. Fuwele iliyomo ndani hugongwa na kuzaa umeme, jambo ambalo ndugu Pierre na Jacques Curie walilionyesha mwaka 1880. Cheche huwasha pailoti, moto mdogo unaokaa ukiwaka muda wote wa kazi. Pailoti hupasha joto ncha ya thamokapo, fimbo nyembamba ya metali mbili zilizounganishwa. Tofauti ya joto kati ya ncha zake huzalisha umeme kidogo, kama Thomas Johann Seebeck alivyogundua mwaka 1821. Umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi iwe wazi. Pailoti ikizimika, thamokapo hupoa, umeme hukatika na vali hujifunga.

Hatua hizi hufuatana, na hitilafu hutafutwa kwa kuzifuata vivyo hivyo: gesi, cheche, pailoti, kihisi, vali, kisha bana.

Kusoma dalili

*Pailoti haiwaki kabisa.* Huanziwa kwenye mtungi: una gesi, umefunguliwa, mpira haujapindika? Baada ya kubadilisha mtungi, hewa hubaki ndani ya mpira, na kitufe huhitaji kushikiliwa kwa muda mrefu zaidi hadi gesi ifike. Kama gesi inafika lakini cheche haionekani, waya wa kiwashio huenda umechomoka au kauri yake imepasuka, na cheche inarukia pengine.

*Pailoti inawaka, lakini inazimika kitufe kikiachiwa.* Kitufe hushikiliwa kati ya sekunde 30 na 60 ili thamokapo ipate joto. Ikizimika bado, moto hutazamwa kwanza. Unatakiwa uwe wa buluu na uzingire takriban sentimita moja ya ncha ya thamokapo. Moto mdogo au uliopinda huashiria tundu la pailoti lililoziba kwa masizi au mafuta yaliyofurika. Moto ukiwa mzuri, fundi hupima thamokapo kwa mita: nzima hutoa milivolti 25 hadi 30. Iliyochoka hubadilishwa, na nati yake hukazwa kwa mkono na kuongezewa robo mzunguko tu, kwani kukaza kupita kiasi huiharibu.

*Pailoti imesimama, bana kubwa haishiki.* Hapa hukaguliwa thamostati na swichi ya kikomo cha joto. Chipsi hukaangwa kati ya nyuzi 170 na 190 za Selsiasi. Swichi ya kikomo hukata gesi mafuta yakikaribia 230, kabla hayajafika joto la kujiwasha yenyewe, ambalo ni zaidi ya 300. Aina nyingi zina kitufe cha kurudishia, kinachobonyezwa mafuta yakishapoa. Swichi ikikata tena na tena, huenda thamostati ndiyo mbovu. Wapo wanaoiruka swichi hiyo kwa kuunga waya dairekti ili biashara iendelee. Tendo hilo huondoa kizuizi kati ya mafuta na moto wa jikoni, na halina nafasi katika matengenezo.

*Bana inashika kwa mshindo.* Gesi imekusanyika kabla ya kuwaka, kwa sababu matundu ya bana yameziba, pailoti imekaa vibaya au shinikizo ni dogo. Mashine huzimwa na kuitiwa fundi.

*Moto unadhoofika katikati ya kazi.* Kikaangio kikubwa cha kilowati 26 hula karibu kilo mbili za gesi kwa saa. Mtungi mmoja wa kilo 15 hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo muda mrefu. Hupoa hadi kutoa jasho au barafu ubavuni, na shinikizo hushuka. Regulata ya jiko la nyumbani nayo haitoshelezi. Dawa ni kuunganisha mitungi kadhaa au kutumia ya kilo 38, pamoja na regulata inayolingana na mashine.

Hali ya pwani

Hewa ya chumvi hula ncha za kiwashio na maungio ya waya, kwa hiyo husafishwa mara kwa mara kwa msasa laini. Vibanda vilivyo wazi upande wa bahari hupigwa na kusi au kaskazi kulingana na msimu, na upepo huzima pailoti isiyo na kasoro. Kugeuza mashine au kuweka kinga ya bati huku njia ya hewa ikiachwa wazi hutosha. Mashine iliyokaa bila kazi hukaguliwa mirija ya bana, kwani buibui na nyigu hupenda kujenga humo.

Jaribio la mwisho

Baada ya matengenezo, maungio yote hupakwa sabuni tena, mashine ikiwa inawaka. Pailoti huachwa peke yake kwa dakika kadhaa, kisha bana huwashwa na kuzimwa mara tatu. Beseni hujazwa mafuta hadi alama yake, na kipimajoto cha pembeni hulinganishwa na thamostati hadi gesi ijikate yenyewe kwenye joto lililowekwa. Pailoti huzimwa mwishoni. Katika mashine nyingi za thamokapo, mlio mdogo wa vali kujifunga husikika ndani ya dakika moja na nusu. Usiposikika, gesi hufungwa kwenye chanzo na mashine hairudishwi kazini.