Waendeshaji wa ridhaa wa motokrosi, California Kusini

Motokrosi ni mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye vilima, mashimo na miruko. California Kusini iliupenda mchezo huu hasa baada ya 1966, pale Edison Dye, mwagizaji wa pikipiki za Husqvarna, alipomleta bingwa wa dunia Torsten Hallman kutoka Uswidi. Katika miaka ya 1970 viwanja kama Saddleback Park na Indian Dunes vilijaa vijana wa ridhaa.

Waliokuwepo hukumbuka kwanza harufu: moshi wa injini za mipigo miwili, petroli iliyochanganywa na oili. Kabla geti la chuma la kuanzia mbio halijazoeleka, ukanda mrefu wa mpira ulivutwa mbele ya magurudumu. Ukifyatuka tu, mstari mzima ulikimbilia kona ya kwanza, bega kwa bega, vumbi likiwafunika walio nyuma.

Wachache walipata mikataba ya viwanda vya pikipiki. Marty Smith wa San Diego alitwaa ubingwa wa Marekani wa daraja la cc 125 mwaka 1974 na 1975. Bob Hannah akautwaa 1976. Wengine wenye kipaji walikwamishwa na mfupa uliovunjika, bei ya vipuri au kazi ya Jumatatu asubuhi. Nao wanastahili kutajwa, maana ndio waliowanoa mabingwa hao wiki baada ya wiki. Saddleback ilifungwa 1984. Sifa za vijana wake zimebaki kwenye picha zilizopauka, vikombe vilivyowekwa stoo na masimulizi ya wazee waliowahi kushindana nao.