Kesi yenye kupungukiwa 90,000: transaksio imetoka wapi?



Mwaka jana niliitwa kwenye shule moja. Kitabu cha kesi kinaonyesha mzazi amelipa minervali mara mbili, franka 90,000 kila mara. Ndani ya sanduku iko malipo moja tu. Mama kesiye alikuwa amekwisha kupewa barua ya kujieleza. Na ile programu, mimi ndiye niliiandika.

Kumbe umeme ulikatika katikati: pesa imeandikwa kesini, deni la mtoto bado halijapunguzwa, resi haijatoka. Umeme uliporudi, mama akaanza upya. Lakini mimi nilikuwa nimefunga hatua zote mbili ndani ya transaksio moja! Ama zote, ama hakuna.

Wazo hilo si la jana. Jim Gray alilifanyia kazi kwa IBM kule San Jose, miaka ya 1970, katika mradi wa System R. Mwaka 1981 aliandika kama transaksio inatokana na sheria ya mikataba, akatoa mfano wa ndoa: mchungaji anauliza huyu, anauliza yule, wote wawili wakikubali ndipo anatangaza. Mmoja akikataa, hakuna ndoa. (Sisi tungeongeza wajomba na mahari, lakini tuache.) Mwaka 1983 Härder na Reuter wakatoa jina ACID. Gray alipata tuzo ya Turing ya 1998. Januari 2007 alitoka peke yake na mashua kutoka San Francisco, hakuonekana tena.

Siri ya kazi ni daftari: mashine inaandika kwanza kile inataka kufanya, ndipo inagusa data. Ikizimika, ikiamka inasoma daftari na kufuta yale hayakumalizika.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Meza za hifadhidata ile zilikuwa za zamani, za aina ya MyISAM, ambayo MySQL iliitumia kama kawaida yake mpaka toleo la 5.5, mwaka 2010, InnoDB ilipochukua nafasi. MyISAM haijui transaksio. Unaiambia anza, inanyamaza. Unaiambia rudisha nyuma, yale yaliyoandikwa yanabaki. Mimi sikuwahi kuangalia.

Nilibadilisha meza zote kuwa InnoDB, nikachomoa waya katikati ya malipo ya majaribio mara tano. Kitabu kikabaki safi. Kisha nikamwandikia prefe barua, na jina langu chini yake. Mama alirudi kwenye dirisha lake. Kila malipo bado anayaandika kwa kalamu pia, pembeni, na mimi sikumwambia aache.