Kanda la Pazi: ukabaila wa Mzizima uliodai chumvi badala ya shamba

Kila mgogoro wa kiwanja unapozuka Msasani, hakosekani mtu wa kuwaita wenye maghorofa makabaila. Ni tusi la enzi za TANU, na limetumika hovyo. Lakini ukanda huu wa pwani ya Dar es Salaam ya leo, kuanzia Mbweni na Kunduchi hadi Msasani na Mzizima, uliwahi kuwa na makubaliano yake ya mlinzi na mlindwa, na yalilipwa kwa makanda.

Ukabaila unaofundishwa shuleni ni wa Ulaya. Dola ya Charlemagne ilipogawanywa mwaka 843 na Waviking wakawa wanapanda mito kupora, mfalme alikuwa mbali na mwenye farasi na ngome alikuwa karibu. Mnyonge alimpigia magoti, akaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana na kula kiapo. Bwana akampa ardhi, naye akaahidi kupigana. Chini yao wote alikuwepo mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana.

Huku kwetu maharamia hawakuja kwa mashua. Simulizi iliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa Berlin mwaka 1907 inawasemea Washomvi, waliodai asili ya Barawa na kuishi kwa uvuvi, chumvi na biashara ya bara. Walikuwa na majumbe, mashaha, mawaziri na maamiri, na heshima za kutosha kujaza msikiti. Askari ndio waliokosekana. Wakamba walipowashukia kutoka bara, vyeo vyote hivyo havikufaa kitu.

Ndipo wakamwendea Pazi, mwindaji wa tembo kutoka upande wa Ukutu, mtu mwenye silaha na vijana wasioogopa mnyama wala mtu. Pazi akashuka na watu wake, Wakamba wakafurushwa. Halafu likaja swali ambalo kila aliyeokolewa hulikuta mlangoni: sasa mwokozi anataka nini? Washomvi wakakubali kumpelekea kila mwaka kanda, yaani chumvi, nguo na bidhaa nyingine za pwani, nalo likaitwa kanda la Pazi. Yeye na watu wake wakabaki nyuma ya miji ya pwani, katika nchi tunayoiita Uzaramo, wakiwa ngao na wakati huohuo wadai.

Msimulizi, kwa kuwa ni wa upande wa walipaji, haachi kuonyesha kwamba mji ni wa Washomvi na kwamba Pazi aliitwa. Mzaramo angeisimulia vingine: bila Pazi kusingekuwa na mji wa kujivunia. Mimi naona wote wawili wana haki. Kanda lilikuwa ada kwa aliyelipokea na mzigo kwa aliyelibeba, na ugomvi huo haukuisha vizazi na vizazi. Jina la Pazi lenyewe likawa cheo. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipokatiza Uzaramo mwaka 1857 alikuta mapazi wengi, kila mmoja na eneo lake, wakidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa misafara.

Angalia tofauti na Ulaya. Pazi hakumgawia mtu shamba kwa sababu shamba halikuwa adimu. Aliyechoshwa na bwana wake alifyeka pori mbele kidogo. Vilivyokuwa adimu ni watu, chumvi na njia ya kufikia bahari. Kwa hiyo mwenye nguvu alikamata njia na kukusanya wafuasi. Mzigo wa chini kabisa ulibebwa na watumwa, ambao simulizi za majumbe huwapita haraka mno.

Penye uhaba wa ardhi mambo yaligeuka. Bukoba, ambako kibanja cha migomba na kahawa hurithiwa, wakama, yaani watawala, waliwagawia wakubwa vibanja pamoja na watu waliomo, na mtwarwa, yaani mkulima wa kibanja hicho, akamlipa bwana kodi na heshima. Huo ndio mfumo wa nyarubanja, na unafanana na Ulaya kuliko chochote cha pwani. Uhuru uliukuta ukiwa hai. Sheria ya 1965, iliyofuatwa na nyingine ya 1968, ikawapa watwarwa vibanja walivyolima.

Kanda la Pazi halikuhitaji sheria ya kulifuta. Sultani Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860 alilazimika kuwazingatia majumbe na mapazi wote. Alikufa 1870 mji ukiwa nusu. Wajerumani walifika 1887, na miaka kumi baadaye wakatangaza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda cha shamba. Aliyelindwa na aliyelinda wakajikuta kwenye foleni moja, wakilipa bila kuulizwa kama wanahitaji ulinzi.

Kunduchi makaburi ya nguzo bado yapo, yakiwa na alama za mabakuli ya kaure yaliyopachikwa kama mapambo. Ya Msasani yamebanwa na kuta za nyumba, na mpita njia hana kibao cha kumwambia waliolala humo ni nani. Manispaa iliyoweza kuweka bango kwa kila mradi wa mtaro haishindwi kuweka hili, na liandikwe pande zote mbili: wa Mshomvi na wa Mzaramo.