Gari mseto la kuchomeka: Namna ya kulijaribu Litein kabla ya kubadilisha

MSIMU wa bonasi ya majanichai ndio msimu wa kubadilisha magari katika miji ya Litein, Kapkatet na Sotik. Miongoni mwa magari ambayo wanunuzi huulizia siku hizi ni gari mseto la kuchomeka, yaani gari kubwa la familia lenye injini ya petroli na pia betri inayochajiwa ukutani mfano wa simu.

Wauzaji hulisifia mambo mawili: umeme wa bei nafuu na safari isiyo na hofu ya kuishiwa na chaji. Yote mawili ni kweli, ila kwa masharti. Faida hiyo hutegemea nyumba ambako gari hulala, vilima linavyopanda kila siku na umri wa betri iliyo chini ya sakafu yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana yadini, na ndiyo maana kulijaribu gari la aina hii si sawa na kuizungusha Probox mara mbili sokoni huku ukisikiliza mlio wa injini.

Ni vyema kwanza kutofautisha mseto wa kawaida na mseto wa kuchomeka. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mnamo 1997, huichaji betri yake kwa injini na kwa nguvu ya breki, na mwenyewe hahitaji kugusa plagi. Mseto wa kuchomeka una betri kubwa zaidi inayoweza kulisukuma gari kilomita kadhaa bila injini kuamka. Kampuni ya BYD ya Uchina ilianza kuuza gari la namna hiyo, F3DM, Desemba 2008, na Chevrolet Volt ya Marekani ikafuata Desemba 2010. Mitsubishi nayo ilizindua Outlander PHEV nchini Japani Januari 2013, ikawa miongoni mwa magari ya kwanza makubwa ya familia kutumia mfumo huo.

Kwa kuwa Kenya hununua magari mengi ya mtumba kutoka Japani, Outlander ni mfano mwafaka wa kueleza jambo hili. Matoleo yaliyozinduliwa 2018 yana injini ya lita 2.4, betri ya kilowati-saa 13.8 na mota mbili za umeme, moja ya magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma. Hakuna shafti inayounganisha mbele na nyuma. Katika mwendo wa kawaida mota ndizo zinazovuta, nayo injini hufanya kazi ya jenereta; mwendo ukiwa wa kasi, injini yaweza kushika magurudumu ya mbele moja kwa moja.

Vipimo vya Japani vililipa gari hilo kilomita 65 kwa umeme pekee. Nambari hiyo isimdanganye mtu. Vipimo hufanyiwa maabarani, pasipo kilima cha matope wala magunia ya mbolea kwenye buti. Kwa betri yenye afya, kilomita 40 hivi katika barabara halisi ni matarajio ya haki, na miinuko ya Bureti yaweza kuzipunguza zaidi.

Jaribio sharti lianze betri ikiwa imejaa na injini ikiwa baridi. Hapa ndipo wanunuzi wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Gari likiletwa na betri tupu, mnunuzi huwa ameonyeshwa tu gari la petroli lenye uzani wa karibu kilo 1,900, hata likiwa limeng'aa namna gani. Kabla ya kuondoka, aandike kilomita zilizo kwenye dashibodi na umbali ambao gari lenyewe linadai litakwenda kwa umeme.

Barabara ya Litein hadi Kericho inafaa sana kwa kazi hii. Ni kilomita 30 na ushei, ina lami, na inapanda na kushuka kati ya mashamba ya chai na mabonde ya mito. Dereva aende kwa mwendo wake wa kila siku, na aangalie ni wapi injini inawaka kwa mara ya kwanza. Ikiwaka kwenye mlima mkali akiwa amekanyaga mafuta sana, hilo si kosa. Betri peke yake haina uwezo wa kuzipa mota nguvu zote zinazohitaji. Muhimu ni kwamba izime barabara inaponyooka. Ikiwa injini inaamka kwenye tambarare baada ya kilomita 10 au 15 tu kwa kuwa chaji imekwisha, betri hiyo imechoka.

Anayenunua Kisumu ana nafasi nyingine nzuri. Kutoka uwanda wa Kano hadi Kericho, barabara hupanda zaidi ya mita 800. Gari lililojaa chaji likipandishwa huko na abiria wanne litatoa siri zake zote kabla ya kufika Kapsoit.

Mteremko nao una somo lake. Mguu ukiondolewa kwenye mafuta, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na vijiti vilivyo nyuma ya usukani huongeza au kupunguza mvuto huo. Katika nchi ya milima hii ni faida ya kweli, kwani pedi za breki hudumu na sehemu ya nguvu iliyotumika kupanda hurejea. Lakini betri iliyojaa haina pa kuweka umeme zaidi. Mwenye nyumba iliyo juu ya kilima, anayetoka asubuhi akiwa na chaji kamili na kuanza kushuka papo hapo, atauona mvuto huo umepungua. Kwa hivyo breki za kawaida zijaribiwe kama za gari lolote jingine.

Kuna pia suala la baridi, ambalo yadi za Mombasa haziwezi kulifichua. Asubuhi za Litein huwa na ukungu, na kioo hakisafiki bila hita. Baadhi ya matoleo hayana hita ya umeme. Hita ikiwashwa, injini nayo huwaka ili kupata joto. Mwalimu anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Kapkatet atakuwa akichoma petroli tangu langoni, ilhali betri imejaa. Kuibonyeza swichi ya hita wakati wa majaribio huchukua sekunde chache na huokoa majuto ya miaka.

Kisha gari litolewe lami. Njia za kuelekea vituo vya kupimia majanichai huwa na udongo mwekundu unaoteleza baada ya mvua za alasiri. Outlander iko milimita 190 juu ya ardhi, na betri imelala chini ya sakafu, katikati. Mota mbili husaidia kwenye utelezi, lakini uzani wa gari hauna msaada wowote likishazama mtaroni. Mnunuzi ainame atazame kifuniko cha betri: mikwaruzo mikubwa au kutu ni sababu ya kuahirisha malipo.

Safari ya kurudi, betri ikiwa tupu, ndiyo ambayo wengi huiacha. Ajaze tangi mwanzoni, arudi kwa injini, kisha ajaze tena na kupiga hesabu ya lita. Hili ndilo gari atakalokuwa nalo siku stima ikipotea, na hapa hupotea. Agosti 25, 2023, takriban nchi nzima ilikuwa gizani. Ndilo pia gari atakaloliendesha kwenda Nairobi, kwa sababu umeme utakuwa umekwisha kabla hajafika Narok.

Nusu ya pili ya jaribio ni ya nyumbani. Waya wa kuchajia uliotoka Japani umetengenezewa soketi za nchi hiyo za volti 100 au 200, ilhali Kenya hutumia volti 240 na plagi ya miguu mitatu. Kubandika adapta ya dukani na kuiacha usiku kucha ni kualika moto. Panahitajika chaja ya volti 240 na laini yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, yenye ardhi iliyo sawa, ikiwekwa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Betri ya ukubwa huo hujaa kwa saa tano hivi. Soketi za volti 100 zilizo ndani ya baadhi ya magari haya, ambazo wauzaji hupenda kuzionyesha, hazifai birika lililonunuliwa Litein.

Hesabu ya umeme ina mtego ambao wachache huutaja. Katika viwango vilivyoanza Aprili 2023, nyumba inayotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi ilitozwa Sh12.22 kwa yuniti kabla ya kodi na ada, ya yuniti 31 hadi 100 Sh16.30, na inayozidi 100 Sh20.97. Kundi la mteja hutokana na wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. Gari linalomeza yuniti 10 au 12 kila usiku litaihamisha nyumba yoyote hadi kundi la juu, na hata taa za jikoni zitalipiwa kwa bei hiyo. Kiwango maalumu cha magari ya umeme cha 2023, Sh16 kwa yuniti na Sh8 saa za usiku, kilipangiwa wanaotumia zaidi ya yuniti 200 kwa mwezi katika kuchaji, na chawafaa zaidi wenye vituo.

Tuseme yuniti moja, pamoja na kodi, ni Sh30. Yuniti 12 zitagharimu Sh360 na kulipeleka gari kilomita 40. Gari kubwa la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litahitaji lita 3.3 kwa safari hiyo. Kwa bei ya Nairobi ya Oktoba 2024, Sh180.66, hiyo ni karibu Sh600. Kwa bei ya Oktoba 2023, Sh217.36, ni zaidi ya Sh700. Akiba ni kati ya Sh240 na Sh360 kwa siku, almuradi gari lichajiwe kila siku na litembee kilomita hizo. Anayeiacha Probox asitarajie akiba ya maana, kwa sababu gari hilo dogo lilikuwa tayari linakunywa kidogo.

Masharti hayo si madogo. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya Machi 2024, iliyochunguza magari yaliyosajiliwa 2021, ilionyesha kuwa magari mseto ya kuchomeka hutoa hewa ya kaboni mara 3.5 zaidi ya ilivyopimwa maabarani. Sababu kuu ni kwamba wenyewe hawakuyachaji na kuyaendesha kwa umeme kadiri ilivyodhaniwa. Hao walikuwa na umeme usiokatika kila mvua inyeshapo.

Kuhusu ushuru, Sheria ya Fedha ya 2019 iliteremsha ushuru wa bidhaa kutoka asilimia 20 hadi 10 kwa magari yanayoendeshwa kwa umeme pekee. Gari mseto lina injini, hivyo halimo katika nafuu hiyo, na muuzaji anayedai vinginevyo aombwe stakabadhi.

Linalobaki ni umri. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, haliruhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka minane. Udhamini wa betri wa viwanda vingi nao ni wa miaka minane hivi, na mnunuzi wa mtumba hapaswi kuutegemea. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari anaweza kuonyesha uwezo uliobaki wa betri ukilinganishwa na wa kiwandani, na kipimo hicho kiandikwe katika mkataba wa mauzo pamoja na nambari ya chesi. Muuzaji akikataa kipimo, au akikataa gari lilale likichajiwa usiku mmoja kabla ya majaribio, mnunuzi amhesabie kwamba anauza gari la petroli, na bei ijadiliwe kwa msingi huo.