Mzigo wa Mpagazi Mmoja

Mwezi wa Januari mwaka 1910, wakati ambapo boma la Arua lilikuwa bado halijajengwa, ukingo wa magharibi wa mto Nile ulifikiwa na maktaba ya vitabu karibu 60, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe na kupangwa katika sanduku jepesi lililokingwa na mvua, nalo kwa uzito halikutimia ratili 60, yaani lilikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Mwenye vitabu alikuwa Theodore Roosevelt, aliyetoka katika urais wa Marekani mwaka uliotangulia, akaja katika nchi hiyo, ambayo zama zile iliitwa Lado, kwa ajili ya kuwinda vifaru weupe, na mahali alipopiga hema panaitwa Rhino Camp hata leo. Homer alikuwamo sandukuni, na Shakespeare, na Bunyan, na Mark Twain, na Biblia. Naye Roosevelt ameandika kwamba alivisoma porini, pengine kando ya mizoga ya wanyama aliowaua, mpaka kurasa zikaingia jasho na damu na mafuta ya bunduki. Waislamu wa Kinubi waliokuwa katika nchi za Nile ile, lau wangalionyeshwa majalada yale, huenda wangalijitenga nayo kwa ajili ya ngozi. Lakini hapana aliyefikiri kuwaonyesha, kwa maana sanduku lilikuja na kuondoka hali limefungwa kwa wenyeji wote.

Nimelitanguliza sanduku hilo kwa sababu wanaobishana juu ya thamani ya maktaba ya jiji katika Arua, na wenzao wa Koboko wanaouliza swali lile lile kwa fedha kidogo zaidi, aghalabu huanza na shaka kama watu watasoma, ilhali taarikhi ya nchi yenyewe haikupata kuonyesha uhaba wa watu wa kusoma. Ilichoonyesha ni kwamba kitabu kilikuwa mali ya mpita njia, aliyekileta kwa haja yake na kukichukua kwa haja yake.

Kabla ya Roosevelt alikuwapo Emin Pasha, tabibu wa Kijerumani aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer, mudiri wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya serikali ya Misri tangu mwaka 1878, ambaye mwaka 1885, akisukumwa na vita vya Mahdi, alihamishia makao yake Wadelai, upande huo huo wa magharibi. Huyu alikuwa msomi wa haki: alipima hali ya hewa, alikusanya ndege na maneno ya lugha za wenyeji, na kwa miaka mingi aliandika daftari zake bila kuchoka. Msafiri Stanley alipokuja kumtoa, akiwa na wapagazi wa Unguja, msafara ulishuka pwani hadi Bagamoyo na kuwasili mwezi wa Desemba mwaka 1889. Na daftari za Emin, baada ya mwenyewe kuuawa katika Kongo mwaka 1892, zikachapishwa Ujerumani kwa Kijerumani. Nyuma yake walibaki askari wa Kisudani, ambao Wanubi wa Uganda wametokana nao, nao walibaki na msahafu wao, ambao haukuhitaji mudiri wala mpagazi.

Leopold, mfalme wa Ubelgiji, aliyekodishiwa Lado na Waingereza mwaka 1894, alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1909, wiki chache tu kabla Roosevelt hajapiga hema lake. Nchi ikarudi mikononi mwa Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikatiwa katika Uganda mwaka 1914, ndipo boma la Arua likasimamishwa. Dola tatu katika muda wa miaka mitano, na kila dola ina hati zake na mahali pake pa mbali pa kuziweka. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918, wakakaa Mvara, na mapadri wa Verona wakakaa Ediofe. Na katika mitaa ya Wanubi vilikuwapo vyuo vya Kurani, hivi kwamba mtoto wa Arua aliweza kujifunza kusoma kutoka kulia kwenda kushoto au kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kadiri ya mlango aliouingia baba yake. Maandishi ya Kilugbara yalikua chini ya mikono ya misheni hata Biblia nzima ikatoka mwaka 1966.

Kiswahili kiliingia kwa mlango mwingine, mlango wa kambi. Jeshi la King's African Rifles liliwapenda vijana wa West Nile, ndiyo nchi hii ya magharibi ya mto, na mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi yaliwavuta maelfu waliokwenda kutafuta fedha ya kodi. Na huko jeshini na huko mashambani mtu alijipatia lugha ya amri, ya mshahara na ya mzaha. Gavana Gowers alipotoa rai mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, na maaskofu walikuwa upande wake, na rai ile ikadhoofika. Hoja zote zilihusu Buganda na heshima ya Kiganda, ambayo ni hoja ya insafu kwa mahali pake. Sauti ya West Nile haikusikika humo, na hasara yake ikawa kwamba askari aliyerudi Koboko na Kiswahili kinywani hakukuta kitabu cha Kiswahili cha kumngoja.

Baada ya vita vya pili vya dunia serikali za Afrika ya Mashariki, kwa kufuata taarifa iliyotengenezwa na Elspeth Huxley, zilianzisha East African Literature Bureau mwaka 1948 chini ya Charles Richards, makao yake Nairobi. Ofisi hiyo ilichapa vitabu kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine, na fauka ya hayo ikaanzisha maktaba za masanduku na uazimaji wa vitabu kwa njia ya posta. Hapa lile sanduku la Roosevelt lilirudi likiwa limegeuzwa tabia, maana sasa lilitumwa kusudi lifunguliwe na mikono mingi, lisomwe, likusanywe, na kubadilishwa na jingine. Binafsi naihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa mambo machache ya ukoloni wa miaka ya mwisho yanayostahili kusifiwa bila ya kung'ata maneno. Hata hivyo sanduku lina mwisho wake. Mwalimu aliyelitunza akihamishwa, au posta ikichelewa, maktaba nzima imekwisha.

Uhuru ulipopatikana, Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Maktaba za Umma mwaka 1964, ikaundwa bodi iliyokaa Kampala, Barabara ya Buganda, na kufungua matawi katika miji ya mikoani, Arua ikiwa mmojawapo. Zama zile nchi zote tatu zilikuwa katika shauri moja: Tanganyika ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1963, Kenya ikapata yake mwaka 1965, na Mwalimu Nyerere aliifungua maktaba kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba mwaka 1967, siku ya uhuru, ingawa watu wazima wengi wa nchi yake walikuwa hawajui kusoma. Atakaye kuona fikira iliyo kinyume na atazame Nairobi, ambako maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa nguzo na simba wa mawe, ilikuwa ya Wazungu peke yao hata ukoloni ulipokaribia ukingoni. McMillan ambaye maktaba hiyo ina jina lake, na hii ni sadfa ya kupendeza, ndiye aliyemkaribisha Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka 1909. Na tajiri Andrew Carnegie, ambaye shirika lake lilisaidia maktaba ya Nairobi, alikuwa amechangia pia gharama za safari ile ya vifaru.

Carnegie anatufaa katika mjadala huu kwa jambo moja. Alijenga maktaba zaidi ya elfu mbili duniani, lakini hakutoa fedha ya jengo mpaka baraza la mji litoe ahadi ya kuitunza maktaba kila mwaka kwa kiasi kisichopungua sehemu moja katika kumi ya fedha aliyoitoa. Alijua kwamba jengo ni rahisi, kwa kuwa jengo hufunguliwa kwa utepe na hotuba, bali mshahara wa mtunza vitabu, dawa ya mchwa, bei ya taa na vitabu vipya vya mwaka ujao havifunguliwi kwa utepe wowote.

Kisha ikaja miaka ambayo West Nile haikuweza kuzungumza habari za rafu. Majeshi ya Tanzania, yaliyomwondoa Idi Amin, yaliufikia mpaka wa Sudan mwanzo wa mwezi wa Juni mwaka 1979, na wenyeji wengi wamesimulia kwamba maadamu Watanzania walikuwapo palikuwa na amani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua; jeshi la serikali likajilipizia kisasi kwa raia, miji ikaporwa na kuchomwa, na watu kwa malaki wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni mwaka 1981 raia waliotafuta hifadhi katika misheni ya Ombaci waliuawa humo humo. Katika nchi iliyotendwa hivyo, kuuliza vitabu vilikwenda wapi ni kama kumuuliza aliyeunguliwa nyumba habari za mkeka.

Lakini vitabu vingine vilikuwa vikiandikwa, na vyote viliishi mbali. John Middleton alikaa na Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, akaandika juu ya dini yao kitabu kilichotoka mwaka 1960, ambacho wanafunzi wa elimu ya jamii duniani kote hukisoma. Na Waswahili wenzangu hawatakosa kukumbuka kwamba ni yeye huyo aliyeandika baadaye juu ya ulimwengu wao wenyewe. Padri Crazzolara alitoa sarufi ya Kilugbara mwaka huo huo wa 1960. Barbara Harrell-Bond aliwafuata wakimbizi wa West Nile katika wilaya ya Yei, na kitabu chake cha mwaka 1986 kikabadilisha fikira za walimwengu juu ya misaada. Mark Leopold aliiandika Arua yenyewe mwaka 2005. Huu si ulalamishi juu ya watungaji hao, ambao baadhi yao walifanya kazi kwa mapenzi makubwa. Walakini mzee wa Koboko aliyeishi kambini Yei, ambaye maisha yake yamo katika kurasa hizo, itampasa kwenda mbali kuyaazima. 

Hoja nyingine husemwa kila mahali, nazo zina uzito usio sawa. Yasemwa barabara, soko na hospitali vitangulie, na hoja hiyo haina jawabu ila kwamba hakuna jiji lililokwisha kumaliza barabara zake. Yasemwa kwamba wanaoingia maktaba ni watahiniwa tu, wenye daftari zao, wasiogusa rafu. Mimi siioni aibu ya maktaba kujaa watahiniwa, maana mwanafunzi atokaye katika chumba kimoja cha watu saba amekuja kutafuta meza, na meza tulivu ni sehemu ya elimu.

Hoja ya kweli ni ile ya Carnegie. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ilizishusha maktaba za umma kutoka bodi ya Kampala hadi wilayani, na sheria ya mwaka 2003 iliyounda Maktaba ya Taifa ikauthibitisha mpango huo, taifa likibaki na uangalizi na wilaya ikibaki na gharama. Mwaka 2005 serikali ikaifuta kodi ya kichwa, jambo ambalo maskini walilishangilia kwa haki, lakini ndiyo iliyokuwa chemchemi kubwa ya fedha za wilaya zenyewe. Mwaka huo huo wa 2005 Koboko ikakatwa kutoka Arua na kuwa wilaya, ikazaliwa na majukumu yote ya nduguze bila ile kodi. Na mwaka huo huo Katiba ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda, bila kuelezwa ni nani atakayekinunulia vitabu. Arua ilipopandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai mwaka 2020, ilipata jina ambalo madiwani wanaweza kulijengea kumbi na bustani. Na nionavyo mimi, diwani atakayesimama kuomba maktaba bila kutaja fungu la kila mwaka la kununulia vitabu anaomba lile sanduku la Roosevelt lije tena.

Koboko, yapata kilomita 55 kaskazini ya Arua, ina utata wake wa peke yake. Wakakwa wanakaa pande tatu za mipaka inayokutana Salia Musala, Uganda, Sudan Kusini na Kongo, na sokoni mtu huanza maneno kwa Kikakwa, akapatana bei kwa Kinubi au Kiarabu cha Juba, akamwita dereva kwa Kiswahili na kumtania kwa Lingala. Katika kambi ya Lobule wanakaa wakimbizi waliotoka Kongo, kama wenyeji wao walivyokaa Kongo zamani. Desturi ya maktaba za umma ni kwamba kadi ya kuazima hupewa mkazi, kwa kuwa mkazi ndiye alipaye. Na desturi hiyo, ikishikwa Koboko kwa ukali, itamfukuza mlangoni mtoto ambaye bibi yake anakaa umbali wa kutembea kwa miguu, ng'ambo ya kijito. Wafanyabiashara wa mji huo hukopeshana mali kuvuka mipaka hiyo hiyo kwa dhamana ya mtu anayejulikana sokoni, na dhamana ya namna hiyo yatosha kwa kitabu cha wiki mbili.