Jua la Maadi, 1913

Wengi darasani hudhani kuvuna joto la jua ni elimu ya juzi. Mwaka 1913, Maadi karibu na Kairo, mhandisi Mmarekani Frank Shuman alisimamisha safu tano za vioo vilivyopindwa kama hori la ng'ombe, kila moja ikikaribia mita 62. Vioo vilikusanya miale kwenye bomba, na mvuke ukaendesha pampu ya kumwagilia mashamba kwa maji ya Nile. Makaa ya mawe Misri yaliletwa kwa meli, tena ghali. Ndipo jua likapata nafasi. Vita vya 1914 vikaua mradi. Shuman alifariki 1918.

Mwaka 2013 vioo vya umbo lile lile vikawaka hapa Oman, kwenye visima vya Amal, ndani ya banda la kioo kuzuia vumbi. Mvuke wake hulainisha mafuta mazito yapate kuvutwa. Shuman, aliyetaka dunia iachane na makaa, sijui angecheka au angenuna.